Kimya Kingi: Somo juu ya Ugonjwa wa Nafsi Unaojificha



Mwezi huu twapenda kujifunza pamoja nanyi habari ya ugonjwa mmoja wa nafsi. Ni ugonjwa mgumu kuonekana, kwa sababu yeye auguaye huuficha kwa bidii yake yote, nasi tulio karibu naye twausifu pasipo kujua. Wazee walisema ya kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Neno hilo twalitumia mara nyingi katika mambo ya ugomvi, lakini latufaa pia katika habari za moyo wa mtu.

Kwanza tutawasimulia kisa kimoja tulichokiona wenyewe. Tumebadili mambo machache ili mwenyewe asijulikane.

Katika usharika mmoja tuliotumikia alikuwako mwalimu wa shule, msichana wa miaka 26, ambaye pia alikuwa katibu wa kwaya. Hakuchelewa kamwe, wala hakukataa kazi. Wanakwaya wawili wakigombana, yeye huwaomba radhi wote wawili, ijapokuwa hakuwamo katika ugomvi. Tulimtaja mbele ya vijana kuwa mfano wa upole. Mara tatu au nne kwa mwaka alikuja kwetu na kusema kwamba amemkosea mtu fulani. Tulipomwuliza, "Umemkosea nini, binti?" hakuwa na jibu, ila kwamba mtu yule alimpita njiani asimsalimu. Tukamtuliza, tukausifu moyo wake wa toba, tukamwacha aende.

Ikatukia rafiki yake mpenzi akaolewa na kuhamia mji wa mbali. Siku chache baadaye mwalimu yule akaandika barua ya kujiuzulu kwaya, nayo haikutaja sababu. Tulipompigia simu hakupokea. Tukadhani amechoka, tukasema, "Tumwache apumzike." Wiki mbili zikapita, ndipo tuliposikia yuko hospitali, kwa kuwa alitaka kujitoa uhai. Tulipofika kitandani pake, neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Nisamehe, Mchungaji, kwa kukusumbua." Naye mama yake, aliyeketi kando, akatuambia, "Huyu hajanisumbua tangu nilipomzaa. Hata akiumwa hasemi."

Hapo tukatambua ya kuwa hatukuwa tumemjua. Yale tuliyoyaita upole na toba yalikuwa kwa sehemu kubwa dalili za ugonjwa wake. Kwa hiyo twaandika somo hili, ili wengine wasikosee kama tulivyokosea sisi.

I. Jina la ugonjwa

Kwa Kizungu ugonjwa huu huitwa bodalaini, maana yake "mpakani". Mwaka 1938 daktari Adolph Stern wa New York aliandika habari za wagonjwa ambao hawakuingia vema katika makundi yaliyojulikana wakati ule. Hawakuwa kama watu wenye wasiwasi na huzuni za kawaida, wala hawakuwa kama watu waliorukwa na akili. Walisimama kana kwamba mpakani mwa nchi mbili. Siku hizi matabibu hawaufikiri tena kuwa mpaka wa magonjwa mawili, lakini jina limebaki. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliutia katika kitabu chake cha magonjwa. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake iliyoanza kutumika mwaka 2022, huyapima magonjwa ya nafsi kwa uzito wake, ama mdogo, ama wa kadiri, ama mkubwa, kisha laruhusu tabibu kuongeza ya kwamba mgonjwa ana sura hii ya mpakani.

Sisi tutauita ugonjwa wa nafsi ya mpakani. Msidhani kwamba kwa kusema "nafsi" twataka kusema mtu ana tabia mbaya. Maana yake ni kwamba namna moyo wake unavyopokea mambo, na namna anavyojiona mwenyewe na wenzake, zimepata kuumia. Katika nchi ambazo jambo hili limechunguzwa, hukadiriwa kwamba watu wazima mmoja au wawili katika 100 wanao.

Wengi wanaosikia habari za ugonjwa huu humfikiri mtu wa kelele: anayelia, anayefoka, anayeshikilia nguo ya mwenzake asiondoke. Watu wa namna hiyo wako. Lakini wako na wengine ambao dhoruba yao huvuma ndani tu, na nje hutulia kama maji ya ziwa asubuhi. Hao ndio huitwa wenye ugonjwa wa mpakani ulio wa kimya. Jina hili la "kimya" si jina la ugonjwa wa peke yake katika vitabu vya madaktari. Ni jina la sura moja ya ugonjwa uleule. Theodore Millon, mwalimu wa elimu ya nafsi huko Marekani, aliwagawa wagonjwa hawa katika makundi manne, na kundi moja aliliita la waliovunjika moyo: watu watiifu, wanyenyekevu, wanaojiegemeza kwa mwingine, nao ndani wamejaa uchungu. Kundi hilo lafanana sana na hao tunaowasema.

II. Dalili zake

Madaktari hutazama dalili 9. Akionekana mtu mwenye dalili 5 au zaidi, nazo zimeanza tangu ujana, zaonekana katika mambo mengi ya maisha yake, na zamletea taabu, ndipo tabibu huweza kuutaja ugonjwa huu. Tutazieleza moja moja, na katika kila moja tutaonyesha jinsi inavyojificha kwa mtu wa kimya.

1. Hofu ya kuachwa. Mgonjwa wa kelele humsihi mwenzake asiende. Wa kimya hukubali kila neno ili asiachwe. Na akiona dalili ndogo ya kuachwa, yeye hutangulia kuondoka. Barua ya mwalimu yule ilikuwa ya namna hiyo.

2. Urafiki wa kupanda na kushuka. Leo mtu fulani ni mwema kupita wote, kesho hafai kitu. Mtu wa kimya hasemi. Humkata rafiki moyoni mwake, naye rafiki hajui amekosa nini. Mara nyingi zaidi hujihukumu mwenyewe kwamba ndiye asiyefaa.

3. Kutojijua. Akiwa na walimu yu mwalimu, akiwa na wafanyabiashara yu mfanyabiashara, kama kinyonga ashikaye rangi ya tawi. Akiachwa peke yake hawezi kusema apenda nini.

4. Kutenda mambo ya kujidhuru kwa ghafula, kama ulevi, matumizi mabaya ya fedha, uasherati, au ulaji usio na kiasi. Mtu wa kimya hufanya haya sirini, kisha hujitesa kwa aibu.

5. Kujiumiza mwili, au kutaka kufa, tena na tena. Hili ndilo neno la hatari kuliko yote, na mtu wa kimya hulificha kuliko yote.

6. Moyo kubadilika upesi. Huzuni kali au wasiwasi humshika kwa saa chache, mara chache kwa zaidi ya siku chache, na mara nyingi kwa sababu ya neno dogo: salamu isiyoitikiwa, au sauti iliyobadilika. Nje mtu wa kimya atabasamu.

7. Utupu. Wagonjwa huusimulia kama nyumba isiyo na vyombo wala watu. Haukomi kwa kazi, wala kwa sifa.

8. Hasira kali isiyolingana na jambo lenyewe. Kwa mtu wa kimya hasira hii hurudi ndani. Ukimkosea, yeye ndiye atakayekuomba radhi, na usiku atajilaani.

9. Wakati wa taabu kubwa, kudhani ya kuwa watu wote wamsema, au kujiona kana kwamba ametoka katika mwili wake na kujitazama kwa mbali. Hali hii hupita.

Ndugu zetu, angalieni jambo moja katika orodha hii. Ukiyatoa yale ya sirini, yanayobaki nje ni utii, kuomba radhi, kazi nyingi, na kutosumbua mtu. Hayo ndiyo tunayoyapenda kwa vijana wetu. Kwa hiyo ugonjwa huu hupata malezi mazuri katikati ya watu wema.

III. Mambo yasiyopaswa kuchanganywa nao

Si kila mtu mkimya ni mgonjwa. Kijana anyamazaye mbele ya wazee kwa heshima hana ugonjwa. Mtu aliyezaliwa mpole ana amani anapokuwa peke yake, na akiulizwa neno atakujibu lililo kweli. Mgonjwa wetu hana amani peke yake, na akiulizwa hujibu neno analodhani wewe walipenda.

Tena kuna ugonjwa wa huzuni. Huo humkalia mtu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, kama wingu lisiloondoka. Bali huzuni ya mpakani huja na kwenda, nayo hufuata mambo ya urafiki. Lakini mtu aweza kuwa na magonjwa haya mawili pamoja, na wengi wanayo. Kuna pia ugonjwa wa moyo kupanda na kushuka kwa vipindi, ambao furaha yake isiyo ya kawaida hudumu siku nyingi, na mgonjwa hulala kidogo asichoke. Kutenganisha hayo ni kazi ya tabibu. Sisi kazi yetu si kumpa mtu jina la ugonjwa, bali kuona ya kuwa anaumia na kumpeleka panapostahili.

Wako wanaosema mtu wa namna hii amelogwa, au ana pepo, au ana imani haba. Maneno hayo humwongezea mzigo. Yeye tayari ajihesabu kuwa mbaya kuliko watu wote. Ukimwambia kwamba tatizo ni imani yake, ataamini mara moja, atanyamaza zaidi, na mlango utakuwa umefungwa.

IV. Asili ya ugonjwa

Hakuna chanzo kimoja. Kwanza yako mambo ya kuzaliwa nayo: ndugu wa damu wa mgonjwa huupata zaidi kuliko watu wengine. Wako watoto ambao tangu mwanzo mioyo yao ni kama ngozi iliyoungua. Neno ambalo mwingine halioni, wao huwachoma, tena huchelewa kupoa. Pili yako mambo ya malezi na maisha. Wengi wa wagonjwa hawa walipigwa, au walitendwa mabaya, au walipuuzwa katika utoto, ingawa si wote. Basi tusikimbilie kuwahukumu wazazi.

Marsha Linehan, ambaye tutamsimulia baadaye, alifundisha ya kuwa ugonjwa huu hukua pale mambo hayo mawili yanapokutana: moyo mwepesi wa kuumia, na mahali ambapo maumivu yake hayakubaliwi. Mtoto alia, naye aambiwa, "Nyamaza, huna cha kulilia." Akisema aogopa, huchekwa. Baada ya miaka mingi mtoto yule hajui tena kwamba anachokisikia moyoni ni kweli au si kweli. Mmoja hujifunza kupiga kelele mpaka asikiwe. Mwingine hujifunza kunyamaza mpaka asionekane. Kwetu mtoto wa pili husifiwa mbele ya wageni.

Hatusemi ya kuwa malezi ya heshima ni mabaya. Twasema kwamba mzazi aweza kumkataza mtoto tendo lisilofaa, na papo hapo akakubali uchungu wake. Kumwambia, "Naona umeumia, lakini hatumpigi mwenzetu," si kumdekeza.

V. Matibabu yake

Zamani matabibu wengi waliamini ya kuwa watu hawa hawaponi. Sasa yajulikana kwamba sivyo, na twataka kila msomaji alishike neno hili. Hospitali ya McLean katika Massachusetts, Marekani, ilianza mwaka 1992 kuwafuata wagonjwa 290 wa nafsi ya mpakani waliokuwa wamelazwa. Mary Zanarini ndiye aliyeongoza kazi hiyo. Baada ya miaka 10, wagonjwa 93 katika kila 100 walikuwa wamepata muda wa miaka 2 au zaidi ambao dalili zao hazikutosha tena kuitwa ugonjwa huu. Lakini kupona kabisa, yaani pamoja na hayo kuwa na kazi ya kudumu na mtu wa karibu wa kuaminiana naye, walikupata nusu tu. Basi dhoruba hupoa kwa wengi; kujenga maisha huchukua muda zaidi, na huhitaji watu.

Dawa kuu ya ugonjwa huu si vidonge. Mwongozo wa tiba wa Uingereza uliotolewa mwaka 2009 wasema kwamba dawa zisitolewe kwa ajili ya ugonjwa huu wenyewe. Ikiwa mgonjwa ana na ugonjwa wa huzuni au mwingine, huo waweza kutibiwa kwa dawa, na mtu asiache dawa aliyopewa bila kumwuliza daktari. Dawa kuu ni mazungumzo yenye utaratibu, pamoja na tabibu aliyefundishwa, kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi.

Katika kazi hiyo jina la Marsha Linehan latajwa kwanza. Alizaliwa mwaka 1943 katika mji wa Tulsa, Marekani. Mwaka 1961, akiwa na miaka 17, alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Hartford, akakaa humo zaidi ya miaka 2. Ugonjwa wake humo haukuwa wa kimya. Alihesabiwa kati ya wagonjwa wazito kabisa, alijiumiza sana, na madaktari wa siku zile waliupa jina la ugonjwa mwingine. Aliweka nadhiri ya kwamba akitoka katika jehanamu ile, atarudi kuwatoa wenzake. Mwaka 1967, akiomba katika kanisa dogo mjini Chicago, alijisikia kwa mara ya kwanza kwamba ajipenda mwenyewe. Akasoma elimu ya nafsi, akapata shahada ya udaktari mwaka 1971, akawa profesa wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle.

Njia yake aliijenga juu ya mambo mawili yanayoonekana kupingana: kumpokea mgonjwa kama alivyo leo, na kumsaidia abadilike. Ukimwambia tu, "Badilika," husikia kwamba amekataliwa tena. Ukimpokea tu, hubaki shimoni. Mgonjwa huonana na tabibu wake kila wiki, na tena kila wiki huingia katika darasa la kujifunza maarifa ya aina nne: kutazama yaliyo moyoni bila kuyahukumu, kuvumilia saa ya uchungu bila kujidhuru, kuujua moyo wake na kuuongoza, na kusema na watu, yaani kuomba anachohitaji na kukataa asichokiweza. Katika saa ya hatari aweza kumpigia tabibu simu. Mwaka 1991 Linehan alitangaza matokeo ya kwanza: wanawake waliotibiwa kwa njia hiyo mwaka mmoja walijiumiza mara chache zaidi na kulazwa siku chache zaidi kuliko waliotibiwa kwa njia za kawaida.

Na bado alikuwa hajawaambia watu habari zake mwenyewe. Alizitangaza mwaka 2011, katika hospitali ileile ya Hartford. Tazameni jinsi aibu ya ugonjwa ilivyo nzito: profesa aliyejulikana katika nchi nyingi alikaa miaka 50 tangu siku ile aliyoingia hospitali, ndipo akasema mbele ya watu kwamba naye aliugua.

Ziko njia nyingine zilizoonyesha faida. Anthony Bateman na Peter Fonagy wa London walitangaza mwaka 1999 matokeo ya njia yao, ambayo mgonjwa hufundishwa kusimama na kuuliza: Je, mwenzangu kweli afikiri hivi, au mimi nimemwekea wazo hilo? Kwa mtu aliyeona salamu isiyoitikiwa kuwa hukumu, swali hili ni tiba kubwa.

Lakini msomaji atasema, "Huku kwetu matabibu wa namna hiyo hawapatikani karibu." Ni kweli kwamba ni wachache. Basi sikieni habari ya Kanada. Mwaka 2009 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 180, ambao nusu walitibiwa kwa njia ya Linehan, na nusu kwa matunzo mema ya daktari wa akili wa kawaida: kuonana kila wiki, kuueleza ugonjwa waziwazi, na kuyatazama mambo ya urafiki yaliyomfikisha mgonjwa katika taabu. Baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kubwa, wala hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Kwa hiyo mtu asikate tamaa kwa kuwa njia yenye jina kubwa haipo. Ambacho hakiwezi kukosekana ni mtu mmoja aliyefundishwa, ajaye kwa saa aliyoahidi, asiyeshtuka wala kuchoka.

Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma imewatunza wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927, na Hospitali ya Mathari mjini Nairobi tangu mwaka 1910. Sisi Walutheri tunayo Lutindi katika milima ya Usambara, ambayo kazi yake kwa wagonjwa hao ilianza mwanzoni mwa karne ya 20. Tena katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya wako wauguzi na madaktari waliosomea magonjwa ya akili. Mlango wa kwanza ni hospitali iliyo karibu.

Neno moja kwa matabibu na wauguzi wasomao gazeti hili. Mgonjwa wa kimya atataka kuwapendeza na ninyi. Atakuja mapema, atajibu "nzuri", na mwezi wa pili atasema amepona. Ulizeni kila mara, kwa maneno yaliyo wazi, habari za kujiumiza na za kutaka kufa. Na siku atakapowaambia kwamba mmemkosea, shukuruni. Ni dalili njema.

VI. Yatupasayo sisi

Kwanza, tuwatazame wasiosumbua. Katika baraza la usharika twasema habari za walevi na wagomvi, na ni haki. Lakini yule afanyaye kazi ya watu watatu bila kunung'unika, nani amwuliza habari zake? Akijiuzulu ghafula, akigawa vitu vyake, akiacha kupokea simu, tusiseme, "Tumwache apumzike." Twende nyumbani kwake siku hiyohiyo.

Pili, tuulize kwa kweli. "Hujambo?" hujibiwa "Sijambo", hata na mtu anayekufa. Kaa naye, kisha sema, "Naona kama una mzigo. Je, umepata kufikiri kwamba heri ufe?" Wengi huogopa kwamba swali hilo litampa mtu wazo asilokuwa nalo. Sivyo; waliochunguza jambo hili wameona kwamba kuuliza hakuamshi wazo hilo, bali mara nyingi huwapa watu nafuu. Akijibu "Ndiyo", usimkemee, usimwache peke yake, mwambie ndugu yake mmoja anayemwamini, na umpeleke hospitali. Dawa za kuulia wadudu shambani na vidonge vingi vya nyumbani vifungiwe, au vitolewe nyumbani kabisa. Usimwahidi kwamba utaitunza siri hiyo peke yako.

Tatu, sisi wachungaji na wainjilisti tujifunze kutenganisha toba na aibu ya ugonjwa. Mwenye toba ana kosa analoweza kulitaja, na akisamehewa huondoka mwepesi. Mwenye ugonjwa huja tena na tena na kosa lisilo na jina, na msamaha haumkai. Mtu huyo asizidishiwe maungamo. Aambiwe, "Binti, hili si dhambi, ni jeraha, na jeraha lina mahali pake pa kutibiwa."

Nne, tuwe watu wa neno moja. Usimwahidi kumtembelea kila siku kwa huruma ya leo, kisha ukatoweka mwezi mzima. Kwake kutoweka kwako ni ushahidi. Ahidi kidogo, utimize. Na ukishindwa, mwambie sababu kabla hajaitafuta mwenyewe usiku.

Tano, tumruhusu kusema hapana. Akikataa kazi, tusimkunjie uso. Waswahili husema mficha maradhi kifo humwumbua. Lakini watu hawafichi bure. Huficha kwa kuwa walipoonyesha zamani walijibiwa vibaya. Tukitaka wafunue, jibu letu na liwe jingine.

Tumalize na habari za mwalimu yule. Alitibiwa hospitali, kisha akaendelea kuonana na muuguzi wa magonjwa ya akili karibu miaka 2. Hapakuwa na ajabu. Palikuwa na siku njema na siku mbaya, na mara mbili tuliogopa sana. Alirudi kufundisha, na baadaye akarudi kwaya, ila si kwa ukatibu. Jumapili moja, baada ya ibada, tukamwomba kwa haraka, kama zamani, atuandikie majina ya watoto wa kipaimara kabla ya Jumanne. Akatazama chini kidogo, kisha akatutazama usoni, akasema, "Hapana, Mchungaji. Wiki hii sitaweza." Mikono yake ilitetemeka. Tukamwambia, "Vema, mwalimu, tutaandika wenyewe." Tukaandika wenyewe, tukakosea majina mawili, na hapana aliyedhurika.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Taja dalili tatu za ugonjwa huu, na ueleze jinsi kila moja inavyojificha kwa mtu wa kimya.
2. Kuna tofauti gani kati ya mtu mpole kwa asili na mtu aliyenyamaza kwa kuumia?
3. Mtoto alia kwa jambo linaloonekana dogo. Utamwambia nini, usimdekeze wala usimpuuze?
4. Kwa nini si vema kumwambia mgonjwa huyu kwamba imani yake ni haba?
5. Fikiri katika usharika wako: ni nani asiyekusumbua kamwe? Utakwenda kwake lini?